Excel Imenijazia Reli: Maswali Yenu na Majibu

Wiki hii maswali yametoka Mbozi hadi Mafinga, na karibu yote yana kilio kimoja: Excel inaonyesha vitu visivyoeleweka. Kabla hujafuta na kuanza upya, nina ombi. Bofya kisanduku chenye matatizo, kisha inua macho kwenye ule mstari mrefu mweupe juu ya jedwali, wenye alama ya fx. Kisanduku kinakuonyesha namba ilivyovaa. Mstari ule unakuonyesha ilivyo. Ikiwa huko juu ni nzima, shida ni ya mavazi tu, dakika mbili zinatosha. Ikiwa imeharibika na huko pia, pole, tuna kazi.

Fundi, nimemaliza orodha ya malipo ya wakulima wa kahawa. Waliopata laki kadhaa wanaonekana vizuri, waliovuka milioni wote wamegeuka alama za reli (####). Nimefuta na kuandika mara tatu. Hela za watu zimekwenda wapi? – *Mhasibu wa AMCOS, Mbozi*

Hazijakwenda popote. Sisi huku tumezoea reli ya TAZARA. Hii ya kwenye Excel mara nyingi ina maana moja tu, kwamba safu ni nyembamba kuliko namba. Neno refu Excel hulikata likasomeka nusu, lakini namba haithubutu kuikata, kwa sababu 1,250,000 ikisomeka 1,250 kuna mkulima atapewa nauli ya bodaboda badala ya mavuno yake. Inaona heri isionyeshe kitu. Peleka kishale kwenye mpaka kati ya herufi ya safu hiyo na herufi inayofuata, kule juu kabisa, bofya mara mbili haraka haraka. Safu itajitanua yenyewe kufuata namba ndefu kuliko zote.

Ukitanua na reli nazo zikaongezeka kujaza nafasi, hilo ni suala la saa au tarehe. Soma jibu la mwenye mbao huko chini.

Shikamoo. Nachapa namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) za wanakikundi wetu, nikibonyeza Enter inatokea 1.98E+19. Namba ya malipo ya serikali nayo inafanya hivyo hivyo. Nifanyeje? – *Katibu wa VICOBA, Uyole*

Marahaba. Umegusa kidonda. Mwaka wangu wa kwanza kwenye steshenari hapa Mwanjelwa nilichapa orodha ya kikundi cha mikopo, watu 40 na kitu, NIDA zote. Niliona hiyo E+19, nikajiambia ni sura tu. Nikabadilisha muundo, nikatanua safu, namba zikatokea ndefu, zimenyooka, zinapendeza. Nikaprinti, nikalipwa. Siku mbili baadaye karatasi zikarudi mezani kwangu. Kila mwanakikundi namba yake ilikuwa inaishia na sifuri tano.

Sababu ni hii. Excel hushika tarakimu 15 za namba, basi. Ya 16 na kuendelea inazigeuza sifuri bila kukuomba ruhusa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20: 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kisha 5, kisha 5, kisha 2. Ukizichapa mfululizo, 5 za mwisho zinakufa pale pale unapobonyeza Enter. Tazama kwenye mstari wa fx utaona: hazijafichwa, hazipo. Ukibadilisha muundo baadaye hazirudi. Dawa ni kuomba vitambulisho tena na kuchapa upya, na nilifanya hivyo, bure, hadi usiku.

Namba yako ya malipo ya serikali ni kisa kingine ingawa dalili zinafanana. Ile ina tarakimu 12, inaanza na 99, kwa hiyo iko salama ndani ya zile 15. Excel inaifupisha tu kwa kuwa imevuka tarakimu 11. Bonyeza Ctrl na 1, chagua Number, weka desimali 0, utaiona yote.

Kwa NIDA, kinga ni kabla ya kuchapa: chagua safu nzima, Ctrl na 1, chagua Text, kisha ndiyo uanze. Ukisahau, weka alama ya ritifaa (') mbele ya namba, haitaonekana kwenye karatasi. Wanaochapa na vistari kama vilivyo kwenye kitambulisho huwa hawapati shida hii kabisa, maana vistari vinaifanya Excel iione kama maneno. Namba za simu pia ziweke kwenye Text, la sivyo ile sifuri ya mbele inadondoka na unabaki na tarakimu 9.

Na mtu akikutumia faili la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) lenye NIDA, usilifungue kwa kubofya mara mbili. Excel itakuwa imeshazikata kabla hujaona chochote. Fungua jedwali tupu, nenda Data, chagua kuingiza kutoka faili la maandishi, na iambie safu hiyo ni Text.

Kaka, nauza mchele. Nimeandika mauzo ya mwezi mzima vizuri kabisa, 45,000/= na kuendelea, nikaweka SUM, jibu 0. Nimeuza bure? – *Mama wa mchele, Kyela*

Hapana Mama, umeuza. Excel ndiyo haijui kwamba hizo ni hela. Hiyo /= tuliyofundishwa shuleni ni ya Kitanzania, mashine inaiona ni neno. Ukiandika 45,000/= kwake ni sawa na umeandika "mchele". Na maneno hayajumlishwi.

Ishara yake ni kwamba namba zimeegemea kushoto. Namba halisi hulala kulia, maneno hulala kushoto, ila kama kuna mtu amezipanga kwa mkono.

Usifute kitu. Chagua safu ya mauzo, bonyeza Ctrl na H. Juu andika /= na chini acha patupu, kisha bofya Replace All. Namba zitahamia kulia na jumla itajitokeza. Kama unaipenda /= yako, na mimi naipenda, irudishe kama vazi: Ctrl na 1, Custom, kwenye Type andika #,##0"/=" hivyo hivyo na alama zake za kunukuu. Sasa unachapa 45000 tupu, yenyewe inaonyesha 45,000/= na bado inajumlishika.

Zikibaki mbili tatu upande wa kushoto, zikague kwa macho. Kwenye daftari moja nililoletewa, mchapaji alitumia herufi O badala ya sifuri.

Kamwene fundi. Orodha ya wanafunzi wapya ina tarehe za kuzaliwa. Nikipanga kwa umri inakuwa vurugu, na kuna mtoto aliyezaliwa Machi anaonekana wa Mei. Wengine tarehe zao ziko kushoto, wengine kulia. – *Mwalimu, Mafinga*

Kamwene Mwalimu. Kompyuta yako imewekewa mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Ukichapa 05/03/2012 ukimaanisha tarehe 5 Machi, inaelewa Mei 3 na kuikubali kwa furaha. Ukichapa 25/03/2012 inatafuta mwezi wa 25, haiupati, inaiacha kama maneno upande wa kushoto. Kwa hiyo zile za kushoto zinazokuudhi ndizo zilizo sahihi kimaandishi, na zile za kulia zilizotulia ndizo zilizopinduka. Isipokuwa aliyezaliwa siku na mwezi vinavyofanana, kama tarehe 4 mwezi wa 4, huyo amepona.

Watu wengi hukimbilia mipangilio ya Windows, sehemu ya Region, wakabadilisha kuwa ya Uingereza au Tanzania, wakadhani wamemaliza. Fanya hivyo, ndiyo, lakini kwa ajili ya watakaochapwa kesho. Aliyekwisha ingia kama Mei 3 atabaki Mei 3, sasa ataonekana 03/05/2012 na utajikuta unabishana na cheti cha kuzaliwa.

Kuwarekebisha waliopo, tuseme tarehe ziko safu A kuanzia A2, andika hii kwenye safu tupu ya pembeni:

=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))

Maana yake: ikiwa imeshakuwa tarehe, badilishana siku na mwezi, ikiwa ni maneno, chukua mwaka kutoka mwisho, mwezi katikati, siku mwanzo. Inahitaji tarehe za maneno ziwe na tarakimu mbili za siku na mbili za mwezi. Vuta hadi chini, ulinganishe watano na vyeti vyao kabla hujaiamini. Ikitokea namba kama 41000 usishtuke, hiyo ni tarehe isiyovaa: Excel huhesabu siku kuanzia mwaka 1900. Ctrl na 1, chagua Date.

Mimi nikichapia mtu nisiyejua mashine yake imewekwaje, naandika 2012-03-05. Hiyo kila mpangilio unaielewa.

Safu zangu zimepoteza herufi! Badala ya A, B, C naona 1, 2, 3, na fomula zimejaa R na C. – *Msomaji, Tukuyu*

Kuna mtu alikuletea faili kwenye flashi, au sivyo? Excel hurithi mtindo huo kutoka faili la kwanza unalofungua. Nenda File, Options, Formulas, ondoa tiki kwenye R1C1 reference style. Fomula zako ni zile zile.

Kilo za majani ya chai kwenye jedwali ni 12, 12 na 12. Jumla inasema 37. Mkulima ananiambia kompyuta yetu ni mwizi. – *Karani wa mizani, Rungwe*

Mkulima amehesabu vizuri na kompyuta nayo imehesabu vizuri. Mzani ulisoma 12.4 mara tatu, jumla 37.2. Kuna mtu alibofya kitufe cha kupunguza desimali, karatasi ikaonyesha 12 na 37. Kilichopunguzwa ni mwonekano, siyo kilo.

Unaweza kuikata kweli kwa =ROUND(A2,0), na hapo jumla itakuwa 36 na mabishano yataisha. Ila aliyepoteza kilo na ushee ni mkulima, na siku atakayogundua utatafuta pa kujificha. Rudisha desimali moja kwenye karatasi. Wino hauishi kwa nukta.

Nina mlinzi kwenye yadi ya mbao, namlipa kwa saa. Kuingia saa 12 jioni, kutoka saa 12 asubuhi. Mara Excel inasema 0, mara inajaza reli hata nikitanua safu. – *Mwenye mbao, Makambako*

Hapa kuna matatizo matatu yamelala kitanda kimoja.

La kwanza ni saa yetu. Umechapa 12:00 na 12:00, ukitoa unapata 0, na Excel haina kosa. Haijui saa ya Kiswahili. Saa 12 jioni iandike 18:00, saa 12 asubuhi iandike 06:00. Kwa mlinzi wa zamu nyingine, saa 1 usiku ni 19:00, saa 1 asubuhi ni 07:00. Bandika kikaratasi ukutani, maana saa 11 alfajiri kwenye baridi ya Juni huko Makambako hakuna anayekumbuka hesabu.

La pili ni zile reli. Ukichukua 06:00 ukatoa 18:00 unapata saa hasi, na Excel kwa kawaida haionyeshi saa hasi, kwa hiyo inajaza reli hata ukitanua safu hadi Njombe. Kama kuingia kuko B2 na kutoka C2, andika =MOD(C2-B2,1). Itakupa 12:00.

La tatu hujalifikia, ila linakusubiri Jumamosi. Usiku 6 mara saa 12 ni saa 72, lakini jumla itaonyesha 0:00, kwa kuwa kila zikifika 24 Excel inaanza siku mpya kama saa ya ukutani. Ctrl na 1, Custom, andika [h]:mm, utaona 72:00. Kisha usizidishe hivyo hivyo na malipo ya saa! Ndani yake Excel inashika siku 3, siyo saa 72. Tuseme unalipa 1,500 kwa saa: ukizidisha moja kwa moja inatoka 4,500. Zidisha na 24 kwanza, inatoka 108,000. Kama mlinzi wako amekuwa akilalamika, mwombe radhi.

Mstari wa kwanza wenye vichwa vya habari umepotea, namba zinaanzia 4. Nikipandisha juu haupandi. – *Msomaji, Iringa mjini*

Angalia rangi ya namba za mistari pembeni kushoto. Zikiwa za bluu, kuna kichujio: nenda Data, bofya Clear. Zikiwa za kawaida, bonyeza Ctrl na A, kisha Ctrl, Shift na 9 kwa pamoja; mistari iliyofichwa itarudi. Ikigoma, mtu aligandisha jedwali akiwa ameshateremka: nenda View, Freeze Panes, chagua Unfreeze, panda hadi juu kabisa, ndipo ugandishe upya.