Wazee wa Babu Walikuwa Watu wa Jukwaani

SWALI: Maalim, assalaam alaykum. Babu yetu mzaa mama alikuwa Mwingereza. Alikuja Unguja kufanya kazi serikalini kabla ya Vita vya Pili, akasilimu, akaoa Pemba na akazikwa huku huku. Bibi husema wazee wake walikuwa waigizaji na mameneja wa majumba ya michezo, na waliwahi kucheza mbele ya Malkia Victoria. Kashani mna paspoti yake ya zamani na tangazo la mchezo la 1884, lakini jina la ukoo la kwenye paspoti halimo katika tangazo. Tuanzie wapi? — Mjukuu, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Habari ya Malkia iweke kando kwanza. Ukoo wa waigizaji wa Kiingereza haukosi Malkia wake, kama ukoo wa huku usivyokosa babu aliyekula sinia moja na Sultani.

Majina kutolingana kusikutishe. Wengi walipanda jukwaani kwa jina la kujipa. Hata kwetu, Bi Kidude ni Fatuma binti Baraka, na Siti binti Saad alipozaliwa Fumba aliitwa Mtumwa. Basi tangazo lisubiri, shika paspoti. England na Wales zinasajili vizazi, ndoa na vifo tangu Julai 1837, na orodha ya majina ya miaka ya zamani inasomwa bure kwenye tovuti ya FreeBMD. Agiza cheti cha kuzaliwa cha babu, upate majina ya wazazi wake, kisha cheti cha ndoa yao. Hicho cha ndoa ndicho nikipendacho: bwana harusi na bibi harusi, kila mmoja ameandikiwa jina la baba yake na kazi aliyoifanya. Mwigizaji wenu hapo hana pa kujificha.

Kama babu alizaliwa kabla ya Aprili 1911, mtafute katika sensa ya mwaka huo. Sensa za nyuma yake tunasoma nakala za makarani, lakini ya 1911 ni fomu zenyewe walizojaza wenye nyumba, na huenda ukaona mwandiko wa baba yake. Usishangae ukiwakuta wamepanga chumba mji wasiokuwa na jamaa. Reli zilipoenea, makundi ya maigizo yalihama mji hadi mji, yakisafiri Jumapili. Mtoto mmoja huzaliwa Hull, wa pili Swansea, wa tatu Plymouth, na wote ni wa tumbo moja.

Sasa lifungue tangazo. Sheria ya 1843 ilitaka leseni ya jumba la michezo apewe meneja mwenyewe, aweke dhamana pamoja na wadhamini wawili, na jina lake na mahali anapokaa vichapishwe katika kila tangazo. Chukua kioo cha kukuzia, usome maandishi madogo ya juu kabisa na ya chini kabisa. Ukipata anwani, ilinganishe na sensa za 1881 na 1891. Ukimkuta nyumba hiyo hiyo mtu mwenye jina la paspoti, umeshampata unayemtafuta.

Kisha soma gazeti la The Era, lililotoka 1838 hadi 1939. Waigizaji walitangaza humo kwamba hawana kazi, na mameneja kwamba wanataka watu. Usilisahau London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, nalo ni bure mtandaoni. Mameneja wa michezo walikuwa hodari wa kufilisika, na matangazo ya mufilisi mara nyingi yalitaja jina la nyumbani na la kazini kwa pamoja. Jamaa wengine huona haya kutafuta huko. Mimi ningeanza huko.

Upande wetu, fika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, uulize Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza 1892. Humo waliandikwa watumishi walioajiriwa na waliokwenda likizo. Tafuta kwa jina lake la Kizungu, si alilolichukua aliposilimu.

Na kabla hujalipia cheti hata kimoja, muulize bibi nani alikuwa akimwandikia babu barua kutoka kwao. Kama bahasha zipo, soma muhuri wa posta ni wa mji gani.