Re: Miwani ya VR kwa mtoto mwenye usonji
Mkuu umeuliza kama miwani ya VR, ile inayomwonyesha mtu dunia ya kompyuta kama yupo ndani yake, inaweza kumfundisha mtoto mwenye usonji kukaa na wenzake, inasaidia ila isiwe peke yake. Uzuri wake anarudia jambo lile lile hata mara mia, kusalimia, kusubiri zamu, kuomba kuingia mchezoni, na hakuna wa kumcheka. Mwaka 1996 Marekani walishajaribu na watoto wawili, wakakubali kuvaa helmeti ya VR na kufuatilia magari ya barabara iliyoonekana ndani yake. Kazi ngumu ni kuhamisha alichojifunza, maana anaweza kufaulu ndani ya miwani halafu uwanjani akabaki kimya, kwa hiyo baada ya kila zoezi rudieni hicho hicho na mtoto wa kweli. Anza na dakika chache tu, akisikia kizunguzungu au akiivua usimlazimishe kabisa.