Jibu kwa mdogo wa Kamalondo: upinde wa puli gani wa kuwindia kulungu?

Jambo yenu wote, na wewe mdogo uliyeuliza.

Umesema unaondoka Kamalondo, hapa Lubumbashi, kwenda kwa dada yako Missouri, Marekani, na shemeji yako amekuahidi kwamba msimu wa uwindaji ukifika mtaenda porini kutafuta kulungu kwa upinde. Amekutumia picha ya upinde wa puli (wenye magurudumu madogo kwenye ncha ambayo ugwe unapitia) wa paundi 70, ulioandikwa kasi ya futi 340 kwa sekunde, na mwenye nao anataka pesa wiki hii. Unauliza kama ununue. Niliishi Missouri miaka kadhaa kabla ya kurudi hapa Lubumbashi, na wazee niliofanya nao kazi kule ndio walionifundisha uwindaji huu. Nakuambia waziwazi: usitume pesa. Upinde huo unaweza kuwa mzuri sana, lakini mpaka sasa hakuna aliyekupima mwili, na upinde wa puli hununuliwa kwa vipimo vya mtu.

Anza na urefu wa mvuto, yaani umbali ambao ugwe unarudi nyuma mpaka upinde ukomee. Simama ukiegemea ukuta, nyosha mikono yote miwili pembeni bila kujikaza, mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi cha mwingine. Gawanya kwa 2.5. Ukipata sentimita 170, mvuto wako ni kama sentimita 68, karibu inchi 27. Upinde wa jadi unauvuta unapotaka wewe, lakini wa puli una ukuta: ukifika mwisho wake unagota. Ukiwa mrefu kuliko mwili wako, mkono wa mbele unajipinda vibaya, kichwa kinarudi nyuma kuufuata ugwe, na mshale unakwenda pembeni hata ukilenga vizuri namna gani. Huyo muuzaji hajakuambia upinde wake umewekwa inchi ngapi. Mara nyingi upinde wa mtu mrefu wa kule ni inchi 29 au 30, na kuushusha kunaweza kudai kubadilisha sehemu za puli zenyewe.

Kipimo cha pili watu wengi wanakiruka: jicho linaloongoza. Tengeneza tundu dogo kwa viganja vyote viwili, mikono ikiwa imenyooka, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linalobaki na kile kitu ndilo linaloongoza. Likiwa la kushoto na wewe unatumia mkono wa kulia, fikiria kwa makini kuchukua upinde wa mkono wa kushoto tangu mwanzo, kabla mwili haujazoea upande mwingine.

Sasa uzito. Paundi 70 ni karibu kilo 32 za kuvuta kwa mkono na bega. Najua una nguvu, na kwenye duka utauvuta mara mbili tatu na kila mtu atakupongeza. Lakini kulungu hakuji dukani. Anakuja baada ya wewe kukaa saa tatu bila kutikisika, asubuhi ya mwezi wa kumi na moja, maji yameganda kwenye majani, na umevaa makoti mawili. Baridi yetu ya mwezi wa saba, ile inayowafanya watu wa Lubumbashi watafute mbabula, jiko la makala, haifiki hapo. Jaribio zuri ni hili: kaa kwenye kiti, elekeza upinde mbele kama unalenga, vuta polepole moja kwa moja. Ukilazimika kuuinua juu angani ndipo uweze kuvuta, uzito umekuzidi, na kulungu ataona mwendo huo kabla hujamaliza. Kwa mwanzo wako mimi ningeweka paundi 50 hadi 55. Zinamtosha kabisa kulungu wa mkia mweupe. Majimbo mengine ya Marekani yana kiwango cha chini kisheria, Washington ni paundi 40 na Colorado 35, kwa hiyo uko juu ya hapo kwa raha.

Tena puli yenyewe inakusaidia. Kuvuta upinde huu ni sawa na kusukuma baiskeli ya makala kwenye mwinuko: nguvu zote zinatoka katikati ya njia, ukifika juu mzigo unalegea. Upinde wenye punguzo la asilimia 80, uliowekwa paundi 55, ukishauvuta mpaka mwisho unashikilia paundi 11 tu, kama kilo 5. Hapo unaweza kusubiri kulungu apige hatua moja zaidi atoke nyuma ya mti. Ubunifu huo ulitoka Missouri hukohuko unakokwenda: Holless Wilbur Allen alitafuta njia ya kuufanya upinde uwe na nguvu bila kumchosha mwindaji, akapeleka ombi la hataza mwaka 1966, akaipata mwaka 1969. Yule ndugu aliyeandika hapo juu kwamba upinde ni kitu cha kizamani ajue kwamba huu wa puli ni mchanga kuliko baba zetu wengi. Na hata ule wa zamani, katika Katanga hii hakuna wa kuudharau. Mbidi Kiluwe, baba yake Kalala Ilunga, shujaa wa ufalme katika masimulizi ya Waluba, alikuwa mwindaji, na watawala wa Kiluba walikuwa na vishikio vya kuwekea pinde vilivyochongwa kama alama ya ufalme.

Nirudi kwenye futi 340, maana hapo ndipo pesa za vijana zinapopotelea. Namba ile inapimwa kwa masharti ya kiwanda: paundi 70, mvuto wa inchi 30, mshale mwepesi wa greni 350, yaani uzito wa kama gramu 23. Wewe ukiwa na mvuto wa inchi 27, paundi 55 na mshale wa kuwindia wa greni 420, upinde uleule utakupa karibu futi 250, yaani mita 76 kwa sekunde. Sasa fanya hesabu na mimi. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Kulungu akiwa mita 20, sauti ya ugwe inamfikia kwa sehemu 6 za mia za sekunde, na mshale wako unafika kwa sehemu 26. Akiwa mita 40, sauti inafika kwa 12, mshale kwa 53. Ule muda wa katikati ndio wake. Kulungu aliyeshtuka hukunja miguu apate kuruka, kifua kinashuka, na mshale uliolengwa moyoni unapita juu ya mgongo au, vibaya zaidi, unamjeruhi tu. Chukua basi huo upinde wa futi 340 kamili, mkononi mwa mtu mwenye mwili wa kuutosha, apige kutoka mita 40: mshale wake unatumia sehemu 39. Wewe na upinde wako wa polepole kwenye mita 20 umemshinda mbali. Ndiyo maana nasema kasi hainunuliwi dukani. Unaipata kwa kujua njia za kulungu, kukaa upande ambao upepo unatoka kwake kuja kwako, na kumwacha asogee.

Utulivu wa upinde una thamani kuliko kasi, na mshale mzito unasaidia, kwa sababu unabeba nguvu nyingi zaidi za upinde, na kinachobaki cha kupiga kelele na kutetema ni kidogo. Usishuke chini ya greni 5 kwa kila paundi ya upinde, maana mshale mwepesi mno ni hatari kwa upinde wenyewe. Na usifyatue kamwe ugwe bila mshale, hata kwa kuwaonyesha marafiki. Nguvu yote inarudi kwenye mikono ya upinde, ile miwili inayojipinda, na kwenye puli, vinapasuka, na vipande vinaruka usoni. Upinde uliokwisha kutumika ambao mwenyewe hajui kama uliwahi kufyatuliwa hivyo, uachie hapo. Pitisha pamba taratibu juu ya mikono ya upinde: ikinasa mahali, pana ufa. Angalia ugwe na kebo kama nyuzi zimechakaa, hasa pale zinapoingia kwenye puli.

Urefu wa upinde kutoka ekseli hadi ekseli, yaani vyuma ambavyo puli zinazungukia, usikusumbue sana. Inchi 30 hadi 33 zinafaa juu ya mti na ndani ya kibanda. Mfupi zaidi ya hapo unageuka kirahisi kwenye matawi, ila unakuza kila kosa la mkono.

Kuhusu jina la kiwanda, Hoyt, Mathews, Bear, PSE, wote wanatengeneza pinde zinazofaa, na sitabishana na mtu hapa. Kwa mwanafunzi napendelea zile zinazorekebishika sana, za mvuto na uzito unaobadilishwa kwa kle Allen tu (ufunguo mdogo wa pembe sita), kwa sababu mwaka kesho utakuwa na bega lingine. Zikiwa na vifaa vyote vya kuanzia huuzwa kama dola 400 hadi 600. Zile za juu zinapita 1,200 kabla hujafunga chochote. Tofauti hiyo ya pesa itie kwenye mishale mizuri, kifyatuo cha mkononi kinachokutosha kifundo, na saa za mazoezi mbele ya fundi wa duka la pinde ambaye atakurekebishia tundu la kuchungulia kwenye ugwe. Ugumu wa mshale lazima ulingane na upinde: namba ndogo ndiyo ngumu, kwa hiyo 340 ni mgumu kuliko 400. Mwambie fundi paundi zako na urefu wa mshale, atasoma kwenye jedwali. Na chembe, yaani ncha ya chuma ya mshale, kwa paundi 50, chukua cha visu visivyokunjuka. Vile vinavyofunguka vikigonga mnyama vinakula sehemu ya nguvu, na wewe huna ya kupoteza. Kiwe na makali ya wembe, kwa sababu mshale unaua kwa kukata na kutoa damu, si kwa kishindo kama risasi.

Hapa nakuomba usome polepole. Sehemu ya mapafu na moyo wa kulungu, nyuma ya bega, ina upana wa kama sentimita 20 hivi. Piga akiwa amekupa ubavu, au amegeuka kidogo akitazama mbali na wewe. Akikuelekea kifua, acha. Akikupa mgongo, acha. Umbali wako wa porini ni ule ambao nyumbani mishale yako yote inaingia ndani ya sahani, ukiwa umekaa, umevaa koti. Ukishapiga usishuke mtini haraka. Kariri mti aliosimama na mahali ulipomwona mara ya mwisho. Kisha tafuta mshale na uusome. Damu nyekundu angavu yenye povu ni ya mapafu, subiri nusu saa. Nyekundu ya giza ni ya ini, subiri saa 4 hadi 6. Ukiona majimaji ya kijani na harufu ya matumbo, ondoka kimya, rudi baada ya saa 8 hadi 12. Ukimfuata mapema anasimama na maumivu yake, anakimbia mbali, na mnyama huyo hutampata. Mimi naona mtu asiyekuwa tayari kukaa usiku mzima akingoja asichukue upinde.

Wengi wanawinda wakiwa kwenye dungu juu ya mti. Vaa mkanda wa mwili mzima na uufunge kwenye mti tangu miguu inapoacha ardhi, si baada ya kufika juu, kwa sababu wengi huanguka wakati wa kupanda na kushuka. Upinde unavutwa juu kwa kamba baadaye, mishale ikiwa imefunikwa.

Missouri msimu wa upinde unaanza tarehe 15 Septemba hadi 15 Januari, na unasimama katikati siku za bunduki za Novemba. Kulungu madume wanahangaika sana kutafuta majike katika mwezi huo, hata mchana. Kibali ni chako binafsi, usitumie cha shemeji. Kumwaga mahindi ili kulungu waje ni marufuku, na ukimpata lazima uripoti kabla ya saa nne usiku siku hiyohiyo.

Yule aliyeuliza kama upinde huo unaweza kurudishwa huku ukatumika upande wa Kundelungu au Upemba: hapana. Hizo ni hifadhi za taifa, hakuna kuwinda humo. Nje ya hifadhi, uwindaji unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na unadai kibali. Na zaidi ya hayo, sijaona hapa Lubumbashi atelie yenye mashine ya kubana upinde ili kubadilisha ugwe, kwa hiyo ukichakaa utabaki pambo la ukutani.

Mdogo, kabla ya kumjibu muuzaji, mwambie dada yako amwulize upinde umewekwa mvuto wa inchi ngapi, uzito unashuka hadi paundi ngapi, na ugwe ulibadilishwa mwaka gani. Wewe jipime mikono leo jioni, angalia na jicho linaloongoza, uandike namba hapa. Nitakufanyia hesabu ya mshale.