Maswali na Majibu: Usanifu wa Kiwanja cha Kuruka kwa Skii

Wiki iliyopita niliandika kwa ufupi kuhusu viwanja vya kuruka kwa skii, mchezo wa kuteremka kwenye theluji juu ya mbao mbili ndefu na kuruka hewani, na wasomaji wa Moshi na Arusha wameniletea maswali yafuatayo.

Shikamoo Mwalimu. Mbona mrukaji havunjiki miguu anapotua? (Msomaji, Kibosho)

Marahaba. Jibu limo katika umbo la mteremko, na kwangu hapo ndipo usanifu wote unapoanzia. Katika viwanja vikubwa mrukaji huondoka kwa kasi ya takriban kilomita 90 kwa saa, na ukingo anaorukia haumwelekezi juu, kama wengi wanavyodhani, bali umeinama kuelekea chini kwa nyuzi 11 hivi. Msanifu huupinda mteremko wa kutua ufuatane na njia ya mrukaji hewani, hata akawa mita chache tu juu ya ardhi muda wote, na anapogusa theluji mwelekeo wake unakaribia kulingana na wa mteremko, kwa hiyo kishindo hupungua sana. Hatari huja akiruka kupita mahali mteremko unapoanza kulala. Ndiyo maana kila kiwanja kina kipimo chake cha umbali wa kuruka, kama mita 134 za Holmenkollen mjini Oslo, na kasi ikizidi waamuzi huteremsha mahali pa kuanzia. Anayetaka kukirefusha kiwanja hawezi kuongeza mnara wa kuanzia peke yake. Mkunjo wote lazima uchorwe upya.

Upepo hudhibitiwaje? (Msomaji, Njiro)

Viwanja vingi huwekewa vizuizi vya upepo baada ya ujenzi. Holmenkollen mpya ya mwaka 2010, iliyosanifiwa na JDS Architects, imevifanya vizuizi hivyo kuwa sehemu ya umbo la jengo lenyewe, jambo ninaloliheshimu kuliko urefu wake.

Kwa nini mnara wa Bergisel, kiwanja cha Innsbruck nchini Austria, una mgahawa? (Msomaji, Sakina)

Mashindano ni siku chache kwa mwaka. Msanifu wake, Zaha Hadid, aliunganisha njia ya kuteremkia, mgahawa na jukwaa la kutazamia katika mnara mmoja wa mita 50 hivi, ili watu wa Innsbruck na wageni wao wautumie siku zote.

Mwalimu, tunaweza kujenga kimoja Kilimanjaro? (Mwanafunzi, Marangu)

Theluji si sharti, mwanangu. Tangu Hans Renner alipobuni mikeka ya plastiki nchini Ujerumani Mashariki mwaka 1954, watu huruka hata kiangazi, mikeka ikiwa imeloweshwa maji. Kileleni Kibo hapafai: ni hifadhi ya taifa, na hewa ni nyepesi mno. Huku chini miteremko ipo, lakini ni vihamba vya watu, yaani mashamba yao ya nyumbani, na mikeka hiyo ingehitaji maji ya mifereji ambayo leo yananywesha migomba na kahawa. Mimi nisingekubali kuichora kazi hiyo kabla wenye vihamba hawajaulizwa.