Mtaro Umejengwa, Mbona Mto Unazidi Kuchafuka?

SWALI: Ndugu Mhariri, mtaani kwetu, juu kidogo ya Ipogolo, tumejengewa mtaro wa zege na maji ya mvua hayaingii tena majumbani. Hata hivyo, kila mvua za kwanza zinaponyesha, Mto Ruaha Mdogo hugeuka tope jekundu lililojaa chupa na mifuko. Je, mtaro haukupaswa kuusaidia mto pia?
Msomaji, Iringa

JIBU: Ndugu msomaji, mtaro wenu umefanya kazi uliyojengewa, yaani kuyaondoa maji haraka, na haraka hiyo ndiyo inayouumiza mto. Maji ya mvua hayapitii mabwawa ya kusafishia majitaka; huteremka moja kwa moja mtoni na kila yalichokizoa njiani: udongo wa barabara, oili ya gereji, taka za sokoni, na hata kinyesi cha vyoo ambavyo baadhi yetu huvifungulia mvua inaponyesha, kitendo cha kikatili kwa wanaoyachota maji hayo huko chini. Mvua za Novemba na Desemba ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa huukuta uchafu wa kiangazi kizima.

Fikiria paa moja tu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji; kwa hiyo paa la mita za mraba 100 likipata milimita 30 hutoa lita 3,000, ambazo kwenye mteremko kama wa Iringa hufika mtaroni kwa dakika chache, na mtaro unapoishia huchimba korongo. Tope hilo hushuka hadi Ruaha Mkuu, mto unaolisha Bwawa la Mtera.

Mji wa Philadelphia, Marekani, ulianza mwaka 2011 mpango wa miaka 25 wa kuyazamisha maji ardhini pale yanapoangukia, kwa miti, bustani zilizochimbwa kama vibonde na maegesho yanayopitisha maji. Sisi tunaweza kuanza na tenki chini ya paa na shimo la kokoto uani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, nayo matete ya ukanda huo huchuja tope vizuri. Lakini mtaro unaoupasua ukanda hadi mtoni huyanyima matete kazi yao. Mwombeni mtendaji wa mtaa kwamba mtaro uishie kwenye kidimbwi cha kutulizia maji kabla ya ukanda huo, na mkubaliane ni nani atakayezoa tope lake kila Oktoba.