Durga Puja ya Kolkata: Chagua Banda Moja, Ukae

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo Kolkata, India, nilinunua viatu vipya kwa ajili ya Durga Puja, sikukuu ya Kihindu ya mungu mke Durga, maana mtaa mzima ulikuwa umevaa vipya. Kufika saa sita usiku wa Saptami, siku ya saba, visigino vimejaa malengelenge, nimeshazunguka mabanda 13, na leo ukiniuliza niliona nini, nakumbuka migongo ya watu. Basi vaa viatu vilivyokwisha kulegea. La pili ndilo lililonifanya niandike: usihesabu mabanda.

Mabanda hayo huitwa pandal. Ni mianzi na vitambaa, mengine hujengwa kwa mfano wa kasri au hekalu, kisha hubomolewa sikukuu ikiisha. Ndani inasimama sanamu ya Durga mwenye mikono 10, anamchoma mkuki Mahishasura, lile jitu la kujigeuza nyati. Pembeni wapo wanawe Lakshmi, Saraswati, Ganesh na Kartik. Wabengali, wenyeji wa huku, humwona kama binti aliyeolewa mbali, kwa mungu Shiva huko mlima Kailash, ambaye kila mwaka, Septemba au Oktoba, huja na watoto kuwasalimia wazazi. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini watu wazima hulia siku ya mwisho.

Ukiweza, fika majuma kadhaa kabla, upite Kumartuli, mtaa wa wafinyanzi kaskazini mwa jiji. Utaona miungu ikiwa bado mabua ya mpunga yaliyofungwa kamba, ikisubiri udongo wa mto Hooghly. Macho huchorwa mwishoni kabisa. Vichochoro ni vyembamba na mafundi wana haraka, kwa hiyo usisimame katikati ya njia kupiga picha.

Mabanda yenye majina, kama Bagbazar, yaendee kuanzia saa kumi na moja alfajiri, wakati wakesha-njia wamekwenda kulala. Jioni usithubutu. Tangu UNESCO iiingize sikukuu hii kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2021, wageni nao hawakosi. Panda metro, teksi zitakulaza barabarani.

Baada ya hapo rudi mtaani kwako ukae. Mimi nililazimishwa na malengelenge. Asubuhi ya Ashtami, siku ya nane, mama mwenye nyumba, tuliyemwita Mashima, aligonga mlango: "Usinywe hata chai, twende." Mimi si Mhindu, nikasimama nyuma kwa adabu. Watu walishika maua viganjani, wakafuatisha maneno ya kuhani, wakayarusha miguuni pa Durga. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Kisha tukakaa kwenye viti vya plastiki tukala khichuri, mchele uliopikwa na choroko, bila kitunguu wala saumu. (Usidhani jiji zima limefunga nyama, lakini. Kwingine India watu hufunga siku hizo za sikukuu. Wabengali wako kwenye foleni ya biriani.)

Ashtami inapokutana na Navami, siku ya tisa, huwashwa taa 108. Ngoma za dhak, zile zenye manyoya ya ndege, zilipopamba moto, wanawake wakapiga vigelegele. Nikageuka kama niko harusini Tanga! Vijana wakacheza na vyetezo vya udongo vinavyofuka ubani na makumbi ya nazi, kimoja kila mkono. Hayo yote niliyaona nimeketi, kwenye banda ambalo hakuna gazeti lililolitaja.

Dashami, siku ya kumi na ya mwisho, usivae cheupe. Wanawake walioolewa humlisha Durga vitamu, humpaka rangi nyekundu ya sindur, kisha hupakana wenyewe kwa wenyewe, na wapita njia hawasalimiki. Jioni sanamu hupelekwa mtoni kuzamishwa huku watu wakiitikia "asche bochor abar hobe", yaani mwakani tena. Ukienda mtoni, simu iwe mfuko wa mbele.

Usilale kabla hujawasalimia wakubwa, ndiyo desturi ya usiku ule na siku zinazofuata. Niliinama nikamgusa Mashima miguu. Akanipa vidonge vya nazi na sukari guru, ndugu wa kashata zetu, sita kwa mpigo, akasema nimekonda.