Mjumbe mmoja si bodi: majibu ya maswali yenu

Barua za safari hii ni nyingi, na karibu nusu yake zinauliza jambo lile lile kwa sura tofauti: mwenye kauli shuleni ni nani, bodi au mkuu wa shule? Sheria za nchi zinatofautiana, kwa hiyo kabla hujaninukuu kwenye kikao, fungua kwanza katiba ya shule yako na sheria ya elimu inayokuhusu.

Mzazi alinipigia simu kumlalamikia mwalimu wa hisabati. Kwa kuwa ni mjumbe wa bodi, nilikwenda shuleni nikazungumza na mwalimu kwa upole kabisa. Sasa mkuu wa shule hanisemeshi. Nimekosa nini?

Umekosa, ndugu yangu, na upole wako haubadilishi kitu. Mwalimu yule hakuona mtu aliyekuja kuuliza. Aliona mtu mwenye kura juu ya ajira yake. Na mkuu wa shule, ambaye ndiye msimamizi wake, alizipata habari hizo baada ya kila mtu kwenye chumba cha walimu kuzipata.

Kosa hilo nami nimelifanya. Mwaka wangu wa kwanza kwenye bodi ya shule moja, mzazi alinieleza kwamba madaftari ya mwanawe hayasahihishwi. Jioni ile ile nikampigia mwalimu. Nisichokijua ni kwamba mkuu wa shule alikuwa anakaa na mwalimu huyo kila Ijumaa, wanapitia madaftari kumi pamoja, na hali ilikuwa imeanza kubadilika. Simu yangu iliharibu kazi ya wiki sita. Mwalimu aliamini amesemewa kwa bodi, akakataa kukaa tena kwenye meza ile. Mkuu alipoyaweka yale madaftari mbele yangu, kila moja na tarehe ya Ijumaa yake pembeni kwa wino wa kijani, sikuwa na la kujibu.

Mamlaka ya bodi huanza kikao kinapofunguliwa na akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, imetimia, na hukoma kikao kinapofungwa. Nje ya hapo huna mamlaka yoyote juu ya mwalimu, isipokuwa bodi imekutuma kwa azimio. Afrika Kusini waliliandika jambo hili wazi katika Sheria ya Shule ya 1996: kifungu cha 16 kinaikabidhi bodi utawala wa shule, na uendeshaji wa kitaaluma kinamkabidhi mkuu wa shule. Hata pale ambapo sheria haikusema waziwazi hivyo, shule zinazotulia ndivyo zinavyofanya.

Mzazi akikupigia tena, muulize kama ameshaonana na mwalimu, kisha na mkuu. Kama bado, mrudishe huko. Kama ameshafika kwa mkuu na hakuridhika, aandike malalamiko kwa utaratibu wa shule. Wala usimsikilize kwa kirefu. Malalamiko hayo yanaweza kuifikia bodi kama rufaa, na mjumbe aliyekwisha sikiliza upande mmoja kwenye simu itambidi ajitoe.

Kisha nenda kamwombe radhi mkuu wa shule. Nenda mwenyewe, usimtumie mwenyekiti.

Mwenyekiti anaweza kumsimamisha kazi mkuu wa shule peke yake?

Hapana. Swali hili linaletwa kila mara, na jibu halijawahi kubadilika. Mwenyekiti anaongoza kikao, haongozi shule. Bodi ikiwa ndiyo mwajiri, huamua bodi nzima, kwa azimio, baada ya mhusika kusikilizwa. Mwajiri akiwa ni serikali, bodi hupeleka mapendekezo yake na kusubiri.

Tulikubaliana kwenye kundi letu la WhatsApp kununua kompyuta za maktaba. Mhasibu anadai muhtasari wa kikao kabla ya kulipa. Si anatukwamisha?

Anawaokoa, na mngemshukuru. Hebu lisome tena kundi lenu kwa jicho la mkaguzi. Mjumbe mmoja ameandika "sina pingamizi". Wawili wameweka kidole gumba. Mmoja ameuliza bei, hakujibiwa. Watatu hawajaufungua ujumbe kabisa. Hapo akidi iko wapi? Nani aliona ankara tatu za kulinganisha? Nani aliuliza kama fungu hilo limo kwenye bajeti? Mwaka ujao mkaguzi wa nje atakapotaka uamuzi ulioidhinisha malipo, mtampelekea picha ya simu ya mtu?

Kundi litumike kukumbushana tarehe na kupeana pole. Jambo likiwa la dharura kweli, itisheni kikao cha dharura, hata kwa njia ya video kama katiba yenu inaruhusu, kwa taarifa ya maandishi inayotaja ajenda moja tu. Halafu uamuzi uingie kwenye muhtasari na uthibitishwe kikao kinachofuata.

Na angalieni mnachokiandika humo. Nimeshaona bodi ikimjadili mkuu wa shule kwenye kundi, na kabla ya jua kuzama maneno yale yako kwenye simu za walimu.

Mimi ni mkuu wa shule. Nawaandalia wajumbe taarifa ya kurasa 60 kila muhula na hawaisomi. Nifanyeje?

Punguza, mwalimu. Kurasa 60 hazisomwi na mtu mwenye kazi nyingine, na wajumbe wengi wanajitolea. Andika kurasa tano au sita, viambatisho vikae nyuma. Ukurasa wa kwanza useme mambo matatu: bodi inatakiwa kuamua nini leo, nini kimeharibika tangu kikao kilichopita, na nini kinakunyima usingizi. Zifike mikononi mwao siku saba kabla. Makabrasha yanayogawiwa mlangoni ni njia ya kupitisha mambo bila kusomwa, na wako wakuu wa shule wanaofanya hivyo makusudi. Usiwe mmoja wao.

Wajumbe nao wana lao. Nimekaa kwenye kikao kilichotumia karibu saa nzima kubishana rangi ya geti, kisha bajeti ya mwaka ikapita mtu mmoja tu akiwa amegeuza kurasa. Geti kila mtu analielewa, ndiyo maana kila mtu ana neno. Kwenye fedha watu wananyamaza kwa kuogopa kuonekana hawajui. Mjumbe usiyejua hesabu, uliza haya tu: tulipanga kutumia kiasi gani mpaka leo na tumetumia kiasi gani, ada ambazo hazijalipwa ni kiasi gani, na zimekaa muda gani, tunadaiwa na nani, fedha iliyopo benki inatosha mishahara ya miezi mingapi. Ukikosa jibu kwa swali la mwisho, ahirisheni geti.

Jambo jingine: mambo mazito msiyalete kwenye "Mengineyo". Kikao kimechoka, wawili wameshaondoka, halafu mtu anainua hoja ya kufunga bweni. Mwenyekiti makini huiandika hoja hiyo na kuipeleka kwenye ajenda ya kikao kijacho.

Tunataka kumfanyia tathmini mkuu wa shule. Matokeo ya mitihani yameshuka. Tuanzie wapi?

Mngeanza mwaka jana. Mkuu wa shule hapimwi kwa vigezo ambavyo hakuwahi kuelezwa. Mwanzoni mwa mwaka kaeni naye mkubaliane malengo machache, matatu au manne, yaandikwe, na kila lengo lionyeshe mtakavyojua kwamba limefikiwa. Katikati ya mwaka mrudie mkaone pamoja. Mwisho wa mwaka yeye ajipime kwanza kwa maandishi, wajumbe watoe maoni yao, na watu wawili au watatu mliowateua wakae naye kumsomea kauli moja ya bodi. Narudia, kauli moja. Mkuu asitoke kwenye tathmini akiwa na maoni tisa yanayopingana.

Kuhusu matokeo, tulieni. Darasa likiwa na watahiniwa 30, wanafunzi watatu tu wakiteleza ufaulu umeshuka kwa asilimia 10. Hapo hamjui kama shule imeporomoka au ni hao watatu. Tazameni miaka mitatu au minne kwa pamoja. Tazameni watoto walikuwa wapi walipoingia na wamefika wapi. Tazameni walimu wangapi wameondoka na kwa sababu gani, na mahudhurio ya wanafunzi na ya walimu. Shule inaweza kupandisha ufaulu kwa kuwazuia wanyonge wasifanye mtihani. Bodi inayopongeza asilimia bila kuuliza waliosajiliwa walikuwa wangapi imeshiriki kuwatupa watoto hao.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona wakuu wa shule wazuri wakiondolewa kwa uvumi. Mjumbe anasikia neno msibani, mwingine sokoni, wakikutana yamekuwa "wazazi wote wanasema". Wazazi wote ni wangapi? Kama bodi ina wasiwasi, mkuu awe wa kwanza kuusikia, kutoka kwa mwenyekiti, uso kwa uso, na mfano unaotajika. Naye mkuu alipe kwa sarafu hiyo hiyo. Mtoto akiumia shuleni, mwalimu akikamatwa, fedha ikipotea, mwenyekiti ajue siku hiyo hiyo. Mwenyekiti akizipata habari za shule yake redioni, imani imekwisha, na haitengenezwi kwa tathmini.

Bodi inaruhusiwa kukutana bila mkuu wa shule? Kwetu ilitokea mara moja na shule nzima ikataharuki.

Inaruhusiwa mahali pengi, ila soma kanuni zenu. Taharuki ilitokana na hiyo "mara moja". Tengeni robo saa mwishoni mwa kila kikao, mkuu akiwa ametoka, hata kama hamna la kusema. Ikishakuwa desturi, haitamtisha mtu. Mwenyekiti amweleze mkuu kesho yake kilichozungumzwa. Msipitishe humo azimio asilolijua, na kikao hicho kisigeuke mahali pa wajumbe kumwaga nyongo.

Mjumbe mwenzetu ana kampuni ya ujenzi na ameomba zabuni ya madarasa. Anasema atatoka nje wakati wa kura. Inatosha?

Haitoshi. Atamke maslahi yake kabla ajenda haijafunguliwa, atoke kabla ya mjadala, arudi baada ya uamuzi, na yote yaandikwe kwenye muhtasari. Mtu aliyekaa na kuchangia mjadala akatoka dakika ya kura ameshapiga kura.

Na kama mnaniuliza mimi, asiombe kabisa. Mwaka 1995 kamati ya Lord Nolan kule Uingereza ilitaja misingi saba ya utumishi wa umma, na wa kwanza ni kutojinufaisha. Achague moja, kiti au zabuni. Paa likivuja mwaka wa pili, nani kwenye bodi atakuwa na ujasiri wa kumdai mjumbe mwenzake?

Nani aandike muhtasari? Kwetu anaandika mkuu wa shule.

Inategemea sheria. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamfanya mkuu wa taasisi kuwa katibu wa bodi. England, kwenye shule zinazosimamiwa na mamlaka za mitaa, mwalimu mkuu haruhusiwi kuwa karani wa bodi. Naegemea mtindo wa pili. Ni vigumu mtu kuandika kumbukumbu za kikao kinachomhoji yeye mwenyewe, na kumbukumbu zikileta ubishi atashukiwa hata kama ameandika kweli tupu. Pale sheria inapomtaka awe katibu, ateuliwe msaidizi wa kuandika, na rasimu ipitiwe na mwenyekiti ndani ya wiki moja.

Andikeni maamuzi, sababu zake kwa kifupi, nani atatekeleza na lini. Nani alimjibu nani vibaya haituhusu. Kisha "Yatokanayo", ile ajenda ya kufuatilia maamuzi ya kikao kilichopita, ifanyiwe kazi. Nimeshaona azimio la kuchimba choo likisomwa kwenye vikao vinne mfululizo na jibu ni lile lile, "linashughulikiwa", huku wasichana wa shule ile wakipanga foleni kwenye matundu mawili.

Mjumbe hajahudhuria vikao vitano. Tumfanyeje?

Tumieni kanuni yenu ya utoro. Kama hamna, itungeni kikao kijacho, na kiti chake kitangazwe wazi kwa utaratibu huo.

Nilipinga azimio la kupandisha ada, nikashindwa kwa kura. Wazazi wananiuliza msimamo wangu. Niwaambie ukweli?

Waambie bodi imeamua na sababu zilizotolewa. Pingamizi lako omba liandikwe kwenye muhtasari, hiyo ni haki yako. Ukitoka nje ukasema "mimi nilikataa", umemwachia mkuu wa shule akusanye ada iliyopitishwa na bodi inayojikana. Kama dhamiri haikuruhusu kabisa kulibeba azimio, jiuzulu kwanza, halafu useme. Usiri hauhusu uhalifu, lakini. Ukiona wizi au mtoto akidhuriwa, peleka kwenye vyombo vinavyohusika bila kungoja kikao.

Mimi ni mkuu wa shule mpya. Mjumbe mmoja ananiomba orodha ya mishahara ya walimu, anasema ni siri kati yetu. Nimpe?

Usimpe. Mwambie aombe kupitia kwa mwenyekiti, na bodi ikiitaka itapewa bodi nzima, siku moja, karatasi ile ile. Na maombi yake mjulishe mwenyekiti leo.